Hesabu za Nyumba ya Walden

Kitabu cha Henry David Thoreau kiitwacho Walden, kilichopigwa chapa Boston mwaka 1854, aghalabu husifiwa kwa maelezo yake ya ziwa, ndege na majira ya mwaka. Sifa hizo ni haki yake. Hata hivyo sura ya kwanza, ambayo ni ndefu kupita zote, haihusu ndege wala maji. Yahusu matumizi ya fedha, na ndani yake mna orodha za gharama zilizoandikwa hata nusu ya senti. Wasomaji wengi huzipita orodha hizo upesi, kama mtu apitavyo cheti cha duka. Mtu akizisoma kama asomavyo utenzi, akauliza kila neno limewekwa hapo kwa sababu gani, na neno gani limeachwa, ataona kuwa madai yote ya kitabu yamesimama juu ya orodha hizo, na kwamba hapo ndipo yapasapo kupimwa.

Madai yenyewe si magumu kuyaeleza. Mtu aweza kuishi kwa fedha kidogo sana, na kwa hiyo kwa siku chache sana za kazi ya ujira, iwapo atajitendea kwa mikono yake yale ambayo wenzake huyanunua. Thoreau asema kuwa kazi ya wiki sita hivi katika mwaka ilimtosha kulipia mahitaji yake yote. Alikuwa na umri wa miaka 27 alipoanza kukata miti ya kujengea, mwishoni mwa Machi 1845, kando ya ziwa dogo la Walden karibu na mji wa Concord katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa amehitimu Harvard mwaka 1837, amepata kufundisha shule, na amefanya kazi katika karakana ya baba yake ya kutengeneza penseli. Alihamia katika nyumba yake tarehe 4 Julai 1845, akaihama tarehe 6 Septemba 1847. Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja, urefu wake futi 15 na upana wake futi 10. Gharama yake ilikuwa dola 28 na senti 12½. Ili msomaji aone udogo wa fedha hizo, mtungaji amtajia mwanafunzi wa Harvard wa siku zile, aliyelipa dola 30 kwa mwaka mmoja kwa kodi ya chumba kilichozidi chake kidogo tu.

Orodha ya gharama za nyumba ina vitu 13. Mbao ni dola 8 na senti 3½. Madirisha mawili yaliyokwisha tumika, pamoja na vioo vyake, ni dola 2 na senti 43. Matofali ya zamani 1,000 ni dola 4. Misumari, dola 3 na senti 90. Chokaa, mapipa mawili, dola 2 na senti 40. Chaki, senti 1. Mkabala wa baadhi ya vitu pana maneno machache ya pembeni: chokaa ilikuwa ghali, nywele za wanyama za kuchanganya na chokaa zilizidi mahitaji, gharama ya uchukuzi ni dola 1 na senti 40, kwa kuwa sehemu kubwa aliibeba mwenyewe mgongoni. Maneno hayo ya pembeni ndiyo yanayoifanya orodha kuwa fasihi. Karani wa duka hahitaji kumweleza mtu kuwa alinunua nywele nyingi kupita kiasi. Anayeeleza ni mtu atakaye kuaminiwa, naye ajua ya kwamba mwenye kukiri kosa la senti 31 huaminiwa katika makubwa.

Kitu cha kwanza kilichokosekana katika orodha ni kazi. Upungufu huo si mdogo, maana Thoreau mwenyewe, kurasa chache nyuma, amekwisha toa kanuni ya kwamba bei ya kitu ni kiasi cha uhai anaoutoa mtu ili akipate. Kwa kipimo hicho nyumba ya Walden ilipasa kuandikwa kwa wiki na miezi. Alianza Machi, mwezi wa Mei kiunzi kilisimamishwa, alipohamia Julai hapakuwa na dohani wala kuta hazijapigwa lipu, na kazi hizo zilingoja majira ya baridi yalipokaribia. Siku zote hizo hazikutiwa katika hesabu hata kwa senti 1.

Mkaguzi mwepesi angesema kuwa huu ni udanganyifu. Sivyo. Thoreau hakuziandika siku zile kwa sababu hakuziona kuwa ni malipo. Alikuwa akifanya kazi kwa saa zisizokuwa ndefu, akila mkate na siagi yake ya adhuhuri katikati ya matawi ya misonobari aliyoyakata, akisoma gazeti lililofungiwa chakula kile. Yeye aona kuwa seremala aajiriwaye kujenga nyumba ya mtu mwingine hutoa uhai wake na kupewa fedha. Ajijengeaye hatoi, aishi tu. Hoja hiyo haikuelezwa waziwazi mahali pamoja, lakini ndiyo iliyobeba sura nzima, na uthabiti wake waonekana katika hesabu ya shamba.

Mwaka wa kwanza Thoreau alilima eka mbili na nusu hivi, sehemu kubwa maharagwe, kwa nia ya kuuza. Alikodi wanyama wa kukokota na mtu wa kumsaidia, ingawa plau aliishika mwenyewe. Shamba lilimpa dola 23 na senti 44, gharama zilikuwa dola 14 na senti 72½, faida dola 8 na senti 71½. Hapa hesabu ni ya mkulima wa kawaida, na faida ni ya mkulima wa kawaida: ndogo. Mwaka uliofuata alilima kwa sepeto theluthi moja tu ya eka, yaani kiasi cha kumtosha kula, na asema kuwa alifanya vizuri zaidi. Alijifunza jambo ambalo wahubiri wa ubahili hawalisemi sana. Kazi ya mikono humwokolea mtu fedha pale anapokitumia mwenyewe alichokitengeneza. Akikipeleka sokoni, jasho lake laingia katika bei ya soko, na bei ya soko haikuwekwa naye. Mahali hapa kitabu ni imara, wala hakuna aliyekijibu vema.

Yafaa pia kuangalia hesabu kuu, ambayo waandishi wanaomtaja Thoreau kuwa bingwa wa kuishi bila fedha huiruka. Nyumba, shamba, chakula cha miezi minane (dola 8 na senti 74), nguo na mafuta, vyote pamoja viligharimu dola 61 na senti 99¾. Mapato ya shamba na ya vibarua vyake, yakiwemo kupima ardhi na useremala, yalikuwa dola 36 na senti 78. Pana upungufu wa dola 25 na senti 21¾, naye aeleza bila kificho kwamba kiasi hicho chakaribia fedha alizoanza nazo. Kwa hiyo hakuanza na mikono mitupu. Alikuwa na akiba, nayo akaigeuza kuwa nyumba.

Katika hesabu hiyohiyo mna sentensi moja ambayo ingefaa kusomwa mara mbili. Asema kuwa kazi ya kufua na kutia viraka ilifanywa, kwa sehemu kubwa, nje ya nyumba yake, na kwamba cheti cha malipo yake hakijaletwa bado. Ni mzaha, nao ni mzuri. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1854, miaka saba baada ya mtu kuihama nyumba, na cheti kilikuwa hakijaletwa. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa mwendo wa chini ya maili mbili. Msomaji yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye mama na dada ajua kwa nini cheti kama hicho hakiletwi.

Kufua ni mfano mmoja tu wa misaada isiyolipiwa. Shoka alilokatia miti ya kwanza aliliazima, na ajisifu kuwa alilirudisha kali kuliko alivyolipokea. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, aliyeinunua mwaka 1844. Kiunzi cha nyumba kilisimamishwa kwa msaada wa watu aliojuana nao. Naye aongeza ya kwamba aliwaita kwa ajili ya ujirani zaidi kuliko kwa haja. Hapo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kupita bila kutabasamu. Katika vijiji vya pwani mtu akisha simamisha nguzo na kufunga fito, huwaita jirani waje kukandika udongo, naye huwapikia. Wala hakuna mwenye nyumba ambaye angethubutu kusema kuwa aliwaita kwa kuwafurahisha tu. Haja ndiyo inayoufanya wito kuwa wa heshima, kwa sababu kesho ni zamu ya mwingine, na yeye atakwenda. Methali nayo yasema kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Thoreau amevaa nguo ya kuazima, na amesitirika. Lakini katika sentensi ile ya kiunzi anajaribu kusema kuwa angaliweza kutembea bila hiyo. Ni sentensi iliyo dhaifu kuliko zote katika maelezo ya ujenzi.

Mahali penye uzito zaidi ni pale alipozipata mbao. Kulikuwa na mtu wa Ayalandi, jina lake James Collins, kibarua wa reli ya Fitchburg, aliyekuwa na kibanda kilichosifiwa kuwa kizuri kuliko vya wenzake. Thoreau alikwenda kukitazama. Mke wa Collins akamkaribisha ndani, akamwashia taa aone mbao za dari na za ukutani. Sakafu ilikuwa ya udongo, palikuwa na giza na unyevu. Mlikuwa na jiko, kitanda, mahali pa kukaa, mtoto mchanga aliyezaliwa humo humo, mwavuli wa hariri, kioo chenye fremu ya rangi ya dhahabu, na kinu kipya cha kahawa kilichopigiliwa katika mti mchanga. Bei ikawa dola 4 na senti 25, zilipwe usiku ule. Familia itoke saa kumi na moja alfajiri, mnunuzi akabidhiwe saa kumi na mbili. Asubuhi alikutana nao njiani. Vitu vyao vyote vilikuwa katika furushi moja kubwa, na kuku wao. Isipokuwa paka, aliyekimbilia msituni na baadaye akafa katika mtego. Siku hiyohiyo Thoreau alikibomoa kibanda, akang'oa misumari, akazisomba mbao kwa gari hadi kando ya ziwa, akazitandaza juu ya majani ili jua lizitakase na kuzinyoosha. Alipokuwa katika safari za kusomba, jirani mmoja akaitia mfukoni ile misumari iliyokuwa bado yafaa.

Kisa hiki kimeandikwa kwa ucheshi, na wengi hukikumbuka kwa ucheshi wake. Yafaa kiulizwe swali la hesabu. Mbao zilikuwa rahisi kwa sababu gani? Kwa sababu mwenyewe alikuwa akiondoka usiku kwa asubuhi, naye alitaka mnunuzi awahi kufika kabla hawajaja watu wenye madai ya kodi ya kiwanja na ya kuni. Rahisi ya mmoja ilikuwa shida ya mwingine. Thoreau aeleza paka alikoishia, lakini haelezi mtoto yule mchanga alilala wapi usiku uliofuata. Kitabu chenye kuuliza juu ya kila kitu, hata kama mkeka wafaa kukung'utwa, hakikuuliza hilo.

Pamoja na hayo haki itendeke. Katika orodha angaliweza kuandika neno moja, mbao, na bei yake, na dunia isingalijua zilikotoka. Yeye akaandika ya kuwa nyingi zilikuwa za kibanda, na kurasa chache kabla amemwonyesha msomaji mwavuli wa hariri. Lawama iliyo juu ya Thoreau katika jambo hili yatoka katika ushahidi wake mwenyewe. Si watungaji wengi wa vitabu vya kuwafunza watu kuweka akiba walioacha mlango wazi namna hiyo.

Mlango huo wafungwa katika sura iitwayo Baker Farm, naye aufunga kwa mkono wake. Mvua ilimkimbiza katika kibanda cha mtu mwingine wa Ayalandi, John Field, mwenye mke na watoto kadhaa. Field alikuwa akipindua kwa jembe udongo wa bonde la majimaji la tajiri jirani, kwa ujira wa dola 10 kwa eka moja, pamoja na ruhusa ya kulitumia shamba hilo mwaka mmoja. Thoreau, akiwa bado anangoja mvua ikatike, akamhubiria: yeye hanywi chai wala kahawa, hali siagi wala nyama mbichi, kwa hiyo hana haja ya kuvifanyia kazi, tena kwa kuwa hafanyi kazi ngumu, hahitaji kula sana, na nyumba yake nzuri ilimgharimu karibu sawa na kodi ya mwaka mmoja ya gofu kama lile. Field akashusha pumzi. Mkewe akasimama ameshika kiuno, akitazama.

Hiyo pumzi na hiko kiuno ni uhakiki mzuri kuliko wote ulioandikwa juu ya sura ile, na aliyeuandika ni Thoreau, pengine bila kukusudia. Mhubiri hakuwa na mtoto. Alikuwa na elimu ya chuo, ufundi wa kupima ardhi, wazazi walio karibu, rafiki mwenye kiwanja na jirani mwenye shoka. Field hakuwa na hata kimoja. Kumwambia aache chai ni kumwambia aache kitu pekee alichokuwa nacho cha kukipunguza. Mwisho wa sura Thoreau amcheka kwa kurithi umaskini wa nchi yake; na hapo kalamu iliyokuwa na uangalifu wa nusu senti yawa mbadhirifu.

Tatizo hili halikuishia Concord. Kwa Kiswahili neno kujitegemea lilipata uzito mpya tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, na mwezi wa Machi ukafuata waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Neno ni lilelile ambalo mtu angelitumia kumfasiri Thoreau, lakini anayejitegemea amebadilika: katika Azimio ni taifa na kijiji, naye Thoreau ni mtu mmoja mwenye mlango mmoja. Mwaka 1968 kikatoka kitabu cha Shaaban Robert, Utubora Mkulima, miaka sita baada ya mtungaji kufariki, na ndani yake mna mtu aachaye kazi ya mjini akashika jembe. Kwa mwendo, Utubora na Thoreau ni ndugu. Kwa utungaji wako mbali. Shaaban Robert ampa mtu wake jina ambalo ni hukumu iliyokwisha tolewa, na msomaji huitwa kuikubali. Thoreau hampi msomaji hukumu, ampa daftari. Mtu akitaka kumpenda mkulima, asome Utubora. Akitaka kujua jembe lilinunuliwa kwa fedha ya nani, hana budi kurudi Walden, ambako jibu limo hata pale mwenye daftari asipolipenda.

Ipo pia gharama moja ambayo haikuwa katika daftari kwa sababu ilikuja baadaye. Katika nyumba ile Thoreau aliandika kitabu chake cha kwanza, juu ya safari ya mashua katika mito ya Concord na Merrimack aliyoifanya na marehemu kaka yake mwaka 1839. Kilipigwa chapa mwaka 1849, nakala 1,000, kwa hasara ya mtungaji ikiwa hakitauzwa. Hakikuuzwa. Mwaka 1853 nakala 706 zilirudishwa kwake, akazibeba mgongoni hadi darini. Na deni alilomlipa mchapaji lilikuwa dola 290. Fedha hizo zilitosha kujenga nyumba kumi kama ile ya Walden, na chenji ikabaki. Maisha ya matumizi madogo yalikuwa ya kukinunulia muda kitabu, na kitabu kikawa ndicho kitu ghali kuliko vyote alivyopata kujitengenezea. Mwaka uliofuata alitoa Walden yenyewe, wala hakuiongeza hesabu ile.

Nyumba haikukaa sana mahali pake. Alipoihama mwaka 1847 ilirudi kwa Emerson, mwenye kiwanja. Baadaye ikakokotwa hadi shamba la upande mwingine wa Concord, ikawa ghala ya nafaka. Mwishowe ilibomolewa, na mbao zake, zikiwemo bila shaka baadhi ya zile alizozimulikia taa mke wa Collins, zikatumika kuziba mabanda ya shambani.